Kadi za kamera: bei chee yaweza kuzaa hasara

Mpiga picha wa harusi hana bidhaa ya kuuza ila iliyomo kwenye kadi ya kamera. Hata hivyo, wengi hununua kadi kwa kuangalia bei tu.

Kadi bandia inaweza kuandikwa gigabaiti 64 huku uwezo wake ukiwa 8. Kompyuta nayo hudanganyika, kwani programu ya ndani ya kadi imechezewa ili itaje 64. Picha za kwanza huhifadhiwa vizuri. Zikishapita 8, zinazofuata hupotea au hufuta za awali. Kamera haisemi lolote. Mwenye kazi hugundua maharusi wameshaondoka ukumbini, na malipo ya awali ameshayatumia.

Kinga ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho kwa programu ya H2testw, ambayo hailipiwi, ikague kama yote yanasomeka. Huweza kuchukua saa kadhaa. (Kadi halali ya 64 kuonekana takriban 59 kwenye Windows si wizi, ni tofauti ya kuhesabu tu.)

Kamera yenye nafasi mbili iandike picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, na gharama ya kadi ya pili iingizwe kwenye bei anayotajiwa mteja.