Kasi ya Usimulizi na Mguso wa Kilele katika Pumzi

Kipindi cha kwanza cha tamthiliya ya runinga ya bunilizi ya kisayansi hubeba mizigo miwili: kuujenga ulimwengu mgeni, na kuigusa hadhira kabla haijaondoka. Watunzi wengi huanza na maelezo marefu, na mguso hukosa nafasi. Pumzi (2009), ya Mkenya Wanuri Kahiu, ni filamu fupi isiyo na vipindi. Hata hivyo, dakika zake zipatazo 20 zinaonesha njia nyingine.

Sehemu ya mwanzo huenda polepole kwa makusudi. Baada ya vita vya maji, Asha, mhifadhi wa makumbusho katika jamii ya Maitu, hukusanya jasho na mkojo wake ili visafishwe na kunywewa tena. Thamani ya maji haihubiriwi. Hadhira huipima yenyewe, tone kwa tone. Kwa hiyo, Asha anapoupanda mche wake jangwani, akaumwagia maji ya mwisho, kisha akaukamulia jasho lake, maneno hayahitajiki.

Mtafiti alikulia Mkiwa, mkoani Singida, ambako kiangazi maji huhesabiwa kwa ndoo, na huenda mazoea hayo yanamzidishia uchungu wa onesho hilo. Hoja, hata hivyo, haiutegemei uchungu wake: hata mtazamaji mwenye bomba nyumbani hufundishwa kiu kabla ya kuililia.

Udhaifu upo katika kutoroka kwenyewe, kunakopita haraka mno. Msafishaji anayemsaidia Asha hapewi nafasi ya kutosha. Katika tamthiliya, kipindi cha pili kingelazimika kumrudia.