Shajara na Barua za Wahudumu wa Tiba Vitani kama Ushahidi wa Historia ya Dodoma, 1916–1920

Makala haya yanajadili nafasi ya shajara na barua za wahudumu wa tiba wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika uandishi wa historia ya uwanda wa kati wa Tanzania. Hoja inayotetewa ni kwamba maandishi hayo yanabainisha vizuri kilichowaua watu wengi katika vita hivyo, lakini huishia kwenye mlango wa hema la hospitali. Aliyefia nje ya hema hilo ni nadra kutajwa.

Historia za kijeshi hupanga matukio kwa tarehe za ushindi. Majeshi ya Jenerali van Deventer yaliiteka Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili 1916, yakakwamishwa na masika, yakahimili shambulio la von Lettow-Vorbeck usiku wa tarehe 9 Mei, kisha yakaingia Dodoma tarehe 29 Julai na kuidhibiti sehemu hiyo ya reli ya kati. Mhudumu wa tiba aliviona vita hivyohivyo kwa jicho jingine. Kwake adui mkuu alikuwa malaria na kuhara damu, na swali la kila siku lilikuwa idadi ya wanaoweza kusimama.

Mfano mzuri ni Robert Dolbey, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefanya upasuaji Morogoro, mashariki ya Dodoma kwenye reli hiyohiyo. Kitabu chake cha mwaka 1918 kilitokana na barua alizowaandikia watu wa nyumbani, ambazo mwenyewe aeleza kuwa hazikukusudiwa kuchapishwa. Kwa sababu hiyo zina mambo ambayo taarifa rasmi huyapunguza: maradhi, uchovu na hali ya wapagazi. Upande wa Wajerumani, daktari Ludwig Deppe, katika kitabu chake cha mwaka 1919, alikiri kwamba jeshi lao liliacha njaa kila lilikopita. Maneno hayo yana uzito kwa kuwa msemaji alikuwa mmoja wao.

Hata hivyo, mashahidi hawa waliwatazama wapagazi kwa mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1917, njia ya Dodoma hadi Iringa, yenye zaidi ya kilomita 250, ilifurika maji ya Ruaha, magari yakakwama, na mzigo ukarudi kichwani mwa binadamu. Hesabu rahisi yaonyesha uzito wa jambo hili. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25, anayekula kilo moja ya unga kwa siku na kutembea kilomita 20, hutumia siku 25 kwenda na kurudi. Akilishwa kwa mzigo wake mwenyewe, hatafikisha chochote. Ili askari wachache walishwe, ilibidi ama wapagazi waongezwe sana, ama posho yao ipunguzwe. Unga usioiva na baridi ya mvua vilileta kuhara na homa ya mapafu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi.

Waafrika nao walihudumu hospitalini. Mwaka 1917 vijana waliosoma shule za misheni Uganda waliundiwa kikosi chao cha tiba, wakawauguza wapagazi kama madresa. Lakini habari za kikosi hicho zinajulikana zaidi kwa kalamu ya maofisa wake Wazungu. Mtafiti anayesoma shajara na barua pekee, basi, huwasikia waliosimama kando ya kitanda, si waliolala juu yake.

Pengo hilo hujazwa kwa sehemu na kumbukumbu ya Wagogo. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na mifugo, nguvu kazi ya wanaume ikahamishiwa upagazi, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa iitwayo Mtunya, kati ya miaka 1917 na 1920. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika Ugogo. Hawakuwa wagonjwa wa hospitali yoyote. Kifo chao kilihifadhiwa katika jina la njaa yenyewe, si katika daftari.

Suala hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi, hutamkwa kila siku Dar es Salaam bila wenye jina kukumbukwa.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba barua za wahudumu wa tiba zisomwe sambamba na simulizi za wazee wa Ugogo. Barua hueleza mwili wa askari ulivyougua. Simulizi hueleza chakula cha askari huyo kilitoka ghala la nani.