Waliokataa Bunduki

Ndugu msomaji wa Usambara, wajua vita ilivyovuruga kazi ya amani: misheni ya Bethel, iliyoanza Mlalo mwaka 1891, iliondolewa wamisionari wake Wajerumani katika vita vikuu vyote viwili. Basi sikia habari za vijana wa Marekani waliokataa kushika silaha. Wengi walikuwa Wamenoniti, kanisa lililofika Shirati mwaka 1934. Sheria iliwaruhusu kutumika kwingine badala ya jeshini. Tangu 1951 baadhi yao walikwenda Ujerumani, nchi ya adui wa jana, wakawajengea wakimbizi nyumba huko Espelkamp, palipokuwa ghala la silaha. Waliitwa waoga; mimi sioni woga hapo. Tangu 1962 wengine walikuja kufundisha Afrika Mashariki, walimu wakiwa haba na Uhuru ungali mchanga.