Kuisimamisha Video Hakuijazi

"Fundi, nimeisimamisha video nusu saa nzima, mbona haijajaa?" Hapa Mwanza nimeulizwa hivyo Kirumba, nimeulizwa Igoma, nimeulizwa hata kwenye foleni ya kivuko, na kila muulizaji huwa ameshajijibu mwenyewe: bando limeibwa. Halijaibwa. Video haikujaa kwa sababu iliacha kushuka muda mfupi tu baada ya wewe kuisimamisha.

Aliyejifunzia intaneti kwenye kafe za katikati ya Mwanza mwaka 2006 au 2007 hakudanganywa alipoambiwa asimamishe video akanywe chai kwanza. Siku zile sehemu kubwa ya intaneti ya nchi ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Waya wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado haujawashwa Dar es Salaam, jambo lililosubiri hadi Julai 2009. Video ya YouTube ilikuwa faili moja. Ukishaibonyeza, inashuka mwanzo mpaka mwisho, utazame usitazame, na ule mstari wa kupakia uliotangulia ulikuwa unasema kweli. Kwa modemu ya kilobiti 56, faili la megabaiti 20 lilihitaji kama dakika 48, tena modemu ikiwa kwenye siku yake nzuri. Hapo subira ilikuwa na maana.

Teknolojia hiyo imeshaondoka, imebaki tabia. Apple walileta mfumo wao wa vipande mwaka 2009, kiwango cha kimataifa kiitwacho DASH kikatoka mwaka 2012, na YouTube nao wakahamia huko. Sasa video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huhifadhiwa kwenye seva kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia 144p kupanda juu. Simu huomba kipande, hupima kimefika kwa kasi gani, kisha huamua kinachofuata kiombwe kwa ubora upi. Ikishapata akiba ya muda mfupi wa kutazama, mara nyingi dakika moja hivi, huacha kuomba. Imepangwa hivyo makusudi: watu wengi huiacha video katikati, na kipande kilichoshushwa bila kutazamwa ni hasara kwa mwenye seva na kwako wewe mwenye bando.

Wengi bado wanaiona video kama ndoo iliyotegwa chini ya bomba: iache tu, itajaa. Bomba hili halitiririki lenyewe. Hutoa kikombe kwa kikombe, na hutoa pale tu linapoombwa. Simu iliyosimamishwa haiombi.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukisimamisha, mnara unakushikia nafasi. Mnara hauna habari na aliyenyamaza. Unagawa muda wa hewani kwa simu zinazoomba sasa hivi, na fungu uliloliacha linakwenda kwa jirani anayetazama tamthilia.

Wanaonimaliza kabisa ni wale wanaosimamisha mechi ya Simba na Yanga iliyo mubashara, eti ijae. Ijae nini? Goli ambalo halijafungwa haliko kwenye seva yoyote duniani. Utakachopata ni kuwa nyuma ya wenzako, na kelele za mtaa mzima zitakupa matokeo kabla ya skrini yako.

Nikubali palipo na haki: video uliyotumiwa WhatsApp kama faili hushuka nzima, na tovuti chache ndogo bado zinatumia mtindo wa zamani. Hapo subiri. Kwingineko unapoteza muda.

Swali la pili: "Mbona mtandao umejaa na bado inazunguka?" Vile vimistari vinaonyesha nguvu ya redio kati ya simu yako na mnara, basi. Havisemi ni watu wangapi wanaugombania mnara huo saa mbili usiku, wala njia inayotoka mnarani kwenda kwenye Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ina upana gani. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, minara ya nchi hii haikuwa na kasoro, na bado kurasa zilifunguka kwa kusuasua. Pembezoni mwa ziwa letu hapa Mwanza kuna kituko kingine: maji hayana kilima wala jengo, kwa hiyo simu iliyoko ufukweni au mtumbwini huona minara mingi ya mbali kwa pamoja, vimistari vinajaa, na mawimbi ya minara hiyo yanaingiliana. Kwenye mawe ya Mabatini na Bugarika ni kinyume chake, maana nyuma ya jiwe la ukubwa wa nyumba redio inafifia.

Programu za "kuongeza spidi"? Zifute. Haziwezi kupanua kitu kilichoko mnarani, na matangazo yake yanakula bando lile lile. Kuwasha na kuzima hali ya ndege kuna mantiki kidogo, kwani simu inatafuta mnara upya.

La kufanya, haraka haraka. Acha kulazimisha 1080p, inataka kama megabiti 5 kwa sekunde. 360p inatosheka na 0.7 hivi, yaani takriban megabaiti 315 kwa saa, na kwenye kioo kidogo tofauti si kubwa. Mtandao ukizidi kuyumba, shuka 240p, mazungumzo na mahubiri hayahitaji zaidi. Zima masasisho ya programu yanayojipakua nyuma ya pazia. Sogea dirishani, upande ulio na mnara. Usiku wa manane mnara una nafasi na bando la usiku ni nafuu, kwa hiyo kama programu ina kitufe cha kupakua, kitumie saa hizo, utazame asubuhi. Na kama rafiki anayo video ya harusi kwenye simu yake, akurushie ana kwa ana, bila kupitia intaneti kabisa.