Mja Mzito na Kifua Chake: Haya Isigeuke Mateso

Katika mambo yanayomkuta mwanamke anapobeba mimba, kichefuchefu huzungumzwa, uchovu huzungumzwa, na uvimbe wa miguu huulizwa na kila mgeni aingiaye nyumbani. Kuna kiungo kimoja, hata hivyo, ambacho hubadilika mapema kuliko tumbo na aghalabu hakitajwi kabisa, nacho ni kifua. Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba maumivu ya matiti ni ya kuvumiliwa kimya kimya chini ya buibui, na kwamba sidiria ni nguo ya kununuliwa harakaharaka, bila kujaribu wala kuuliza, ili muuzaji asipate muda wa kututazama. Matokeo yake ni mabega yenye alama za kanda, ngozi iliyochubuka, na usiku usio na usingizi kwa mama ambaye mwili wake unahitaji mapumziko kuliko wakati wowote.

Haya ni pambo la Muislamu, wala hatuandiki makala haya ili kulipunguza. Lakini Bi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza mambo yao. Na wahenga wetu wa Pwani walisema kwamba mficha uchi hazai. Haya inayomsitiri mwanamke ni neema. Haya inayomnyamazisha akiwa katika maumivu si katika staha tuliyofundishwa.

Kwa nini kifua hubadilika

Mabadiliko haya si ugonjwa. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 ya ujauzito, pengine hata kabla mwanamke hajawa na hakika kwamba ana mimba, homoni za estrojeni na projesteroni huanza kuyaandaa matiti kwa kazi ya kunyonyesha. Damu inayopita kifuani huongezeka, ndipo mishipa ya rangi ya buluu inapoonekana chini ya ngozi. Vifuko vya kutengenezea maziwa na mirija yake hukua. Matiti huwa mazito na huuma yakiguswa, na chuchu huumia hata kwa kusuguliwa na nguo. Sehemu inayozunguka chuchu hupanuka na kuwa nyeusi zaidi, na juu yake hutokeza vipele vidogo. Hivyo ni vitezi vinavyotoa mafuta ya kulainisha chuchu, wala si chunusi za kutumbuliwa.

Kwa walio wengi maumivu hupungua baada ya miezi mitatu ya kwanza, ingawa matiti huendelea kukua. Kuanzia mwezi wa nne hivi mwili huweza kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano. Wapo wanaoona matone yake kwenye nguo kabla ya kuzaa na wapo wasioyaona kamwe, na hali zote mbili ni za kawaida. Asiyeona matone asihuzunike akidhani kwamba atakosa maziwa.

Kadhalika, mbavu hutanuka kadiri mimba inavyokua. Ndiyo maana sidiria ya zamani huweza kubana ubavuni hata kwa mwanamke ambaye vikombe vyake bado vinamtosha.

Sidiria ipi inafaa

Sidiria ya mja mzito huchaguliwa kwa jinsi inavyobeba uzito, si kwa urembo wake. Ukanda wa chini, unaozunguka mbavu, ndio unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hiyo uwe mpana na imara. Kanda za mabegani nazo ziwe pana ili zisichimbe nyama. Vikombe vifunike titi zima, na kusiwe na mshono unaopita juu ya chuchu. Kitambaa cha pamba ndicho kinachofaa zaidi hali ya hewa yetu, kwani hunyonya jasho. Kulabu za mgongoni zikiwa na safu tatu au nne, mama atapata nafasi ya kulegeza kadiri miezi inavyosonga.

Kuhusu waya wa chini ya kikombe, waya wenyewe si sumu. Tatizo lake ni kwamba haupanuki titi linapokua. Ukikaa juu ya titi badala ya kulizunguka, hukandamiza na kuumiza, na baada ya kuzaa nguo yoyote inayolibana titi lililojaa yaweza kuchangia kuziba kwa mirija ya maziwa. Kwa sababu hiyo wengi hupata raha zaidi kwa sidiria isiyo na waya.

Ipo pia hofu inayozunguka mitaani kwamba sidiria huleta saratani. Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle nchini Marekani, waliichunguza hofu hiyo kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Hawakuona uhusiano wowote kati ya kuvaa sidiria, yenye waya au isiyo na waya, na saratani ya matiti. Hivyo mama anayepata nafuu kwa kuvaa sidiria laini hata usiku na avae bila wasiwasi, na anayepata raha kwa kuivua na aivue.

Kujipima nyumbani

Hapa ndipo haya na nafuu zinapoweza kukutana. Mwanamke anayejua namba yake hahitaji kupimwa na mtu yeyote dukani. Achukue utepe wa kupimia wa fundi cherehani, afunge mlango, na apime mara mbili. Kwanza azungushe utepe chini kabisa ya matiti, ukiwa umelala sawasawa mbele na nyuma, bila kukaza. Kisha apime penye kimo kikubwa zaidi cha matiti, bila kukandamiza.

Kipimo cha kwanza ndicho kinachotoa namba. Sidiria za Ulaya huandikwa kwa sentimita, na zile za vipimo vya Kiingereza huandikwa kwa inchi. Namba 75 ni sawa na 34, 80 ni sawa na 36, na 85 ni sawa na 38. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo inayotoa herufi ya kikombe: tofauti ya sentimita 13 hivi ni A, 15 ni B, 17 ni C, na 19 ni D. Kwa mfano, mama mwenye sentimita 80 chini ya matiti na 97 penye kimo ataandika 80C, ambayo pia ni 36C. Viwanda hutofautiana kidogo, kwa hiyo namba hiyo ni mwanzo wa kutafuta, na kujaribu ndiko kunakothibitisha.

Sidiria ikishavaliwa, ichunguzwe hivi. Ukanda wa nyuma usipande mgongoni, bali ulale usawa mmoja na mbele. Vidole viwili vipite chini yake bila shida. Nyama isifurike juu ya kikombe wala kwapani, na kikombe kisiwe na makunyanzi. Mama anyanyue mikono juu. Ikiwa sidiria yote inapanda pamoja na mikono, ukanda umelegea mno.

Kuna hesabu moja ya kulabu inayookoa fedha. Mwanzoni mwa mimba chagua sidiria inayokaa vizuri kwenye safu ya ndani kabisa, ile inayobana zaidi, ili uilegeze mbavu zinapotanuka. Lakini sidiria ya kunyonyeshea, ambayo hununuliwa karibu na wiki ya 36, ichaguliwe inayokaa vizuri kwenye safu ya nje, kwa sababu baada ya kuzaa mbavu hurudi na utahitaji kuikaza. Vikombe vyake viachiwe nafasi kidogo, kwani maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kujifungua.

Dukani, Kongowea na kwa fundi

Si lazima kununua nyingi wala za bei kubwa. Mbili au tatu za kubadilishana zinatosha, na kabla ya kununua nyingine mama ajipime tena. Anayekwenda kwenye mitumba, mathalani katika soko la Kongowea mjini Mombasa, auvute ukanda kisha auachie. Usiporudi mahali pake, lastiki imekufa, na sidiria hiyo haitabeba kitu hata ikiwa mpya kwa macho. Akifika nyumbani aifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuivaa. Pale ambapo muuzaji ni mwanamume, karatasi yenye namba na herufi inatosha, na dada, wifi au mume mwenyewe anaweza kutumwa nayo.

Sidiria iliyobana ubavuni lakini yenye vikombe vinavyotosha isitupwe. Fundi cherehani anaweza kuiongezea kipande chenye kulabu kwa nyuma. Leso kuukuu ya pamba nayo ina kazi. Ikikatwa vipande vya duara na kushonwa kwa tabaka kadhaa, hugeuka vitambaa vya kunyonya matone ya maziwa, vya kufuliwa na kutumiwa tena. Muhimu ni kuvibadilisha vikilowa.

Joto letu na ngozi

Mwili wa mja mzito hutoa jasho zaidi, nasi tunavaa nguo ya ndani, dera, kisha buibui. Chini ya matiti ndipo unyevu unapojificha, na unyevu huzaa upele na fangasi. Sehemu hiyo ioshwe, ikaushwe vizuri kwa kugusa bila kusugua, na sidiria ibadilishwe kila siku. Chuchu ni vyema zioshwe kwa maji tu, kwani sabuni huondoa mafuta yake ya asili. Desturi ya kuzivuta au kuzisugua ili kuzitayarisha kwa mtoto haina haja, na katika miezi ya mwisho huweza kuchochea tumbo kukaza.

Wengi wetu huzianika sidiria gizani au chini ya nguo nyingine ili zisionekane, zikabaki na unyevunyevu. Zianikwe mahali penye hewa na jua, uani au juu ya dari, na zikifunikwa zifunikwe kwa leso nyepesi. Tena, kifua si mkoba. Sarafu, funguo na simu zinazotiwa ndani ya sidiria hukandamiza na kuchubua ngozi iliyokwisha kuwa laini. Mfuko mdogo ulioshonwa ndani ya dera utafanya kazi hiyo. Na leso ya nyumbani ikifungwa kifuani isikazwe.

Michirizi ya ngozi huwapata wengi. Mafuta ya nazi hupunguza mwasho, ingawa hayaahidi kuizuia michirizi. Rangi yake hufifia taratibu baada ya kuzaa.

Neno kwa waume na jamaa

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, baba amepewa wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mwanawe, kwa kadiri ya wema na uwezo. Sidiria inayomtosha mama ni katika mavazi hayo, wala si anasa ya kuombewa radhi. Mume anayeuliza, "Nguo zako bado zakutosha?" humwondolea mkewe mzigo wa kuanza mazungumzo. Na sisi wanawake, tunapokutana arusini, tuache kumsalimia mja mzito kwa kumtajia unene wake. Mwili unaojengea mtoto makao haustahili mzaha. Mama mkwe, shangazi na somo ndio walio na nafasi nzuri zaidi ya kumwita kijana pembeni na kumfundisha haya tuliyoyataja.

Wakati wa kwenda kliniki

Kuna jambo moja ambalo kwalo ukimya ni hatari kabisa. Saratani ya matiti wakati wa ujauzito si jambo la kila siku, lakini hutokea, na mara nyingine huchelewa kugunduliwa kwa sababu uvimbe hudhaniwa kuwa ni maziwa. Mama akihisi donge gumu lisiloondoka, akiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu moja imeingia ndani ghafla, au inatoa damu, aende kituo cha afya bila kungoja kuzaa. Picha ya mawimbi ya sauti, ile ile itumiwayo kumtazama mtoto tumboni, hutumika kulichunguza titi bila madhara kwa mimba. Vilevile titi likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, huenda ni maambukizi, na dawa zake zipo.

Mama anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi au daktari wa kike. Asipopatikana, haja ya tiba ina ruhusa yake katika sheria yetu, na mwenzake au mumewe anaweza kukaa naye chumbani. Katika ziara ijayo ya kliniki, baada ya kupimwa tumbo na shinikizo la damu, na aseme sentensi moja tu: "Naomba unitazame na kifua."

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape waja wazito wetu wepesi katika miezi yao, awajaalie uzazi wa salama, na awape watoto wao riziki ya maziwa yenye baraka. Amin.