Walimwajiri na Paji Lake la Uso Vilevile

Kilichonivuta kwanza ni mkate. Homeboy Bakery, iliyoko Mtaa wa Bruno katika Chinatown ya Los Angeles, Marekani, huendeshwa na watu waliotoka jela na waliokuwa kwenye magenge. Pembeni yake kuna mgahawa, Homegirl Café. Ila nilipoendelea kufuatilia habari zao nikakuta jambo ambalo halijanitoka kichwani: chini ya paa hilohilo kuna kliniki ya kufuta tatuu, na hakuna anayelipishwa.

Chimbuko lake hulisimulia Padre Gregory Boyle, Mjesuiti aliyeanzisha shughuli hizi mwaka 1988 akiwa paroko wa Dolores Mission, parokia ya mafukara iliyozingirwa na magenge. Alijiwa na kijana aliyetoka gerezani, akilalamika kwamba kila anapoomba kazi anakosa. Padre akamtazama usoni. Paji zima la uso lilikuwa limechorwa tusi la kuulaani ulimwengu. Boyle husema alimwazia kijana yule akiwa kaunta, akipokea oda za chipsi, huku akina mama wakiwashika watoto wao mkono na kutimua mbio.

Akampa kazi ya kuoka mikate, tusi likiwa palepale. Ndipo akatafutwa daktari wa kulifuta.

Kufuta tatuu si kazi ya siku moja. Mwanga wa leza hupigwa kwa mapigo mafupi mno, ukavunja wino ulioko chini ya ngozi kuwa chembe ndogo, kisha mwili wenyewe ukazizoa taratibu. Ngozi huvimba, hugeuka nyeupe kwa muda, mara nyingine hutoka malengelenge. Waliopitia husema ni kama kurukiwa na mafuta ya moto kutoka kikaangoni. Mtu husubiri wiki kadhaa ngozi ipone, akarudi tena, na tena. Wino mweusi hutoka kwa urahisi kuliko wa kijani. Fikiria basi kijana anayekanda unga alfajiri huku tusi lake likififia herufi kwa herufi, na wenzake wakilisoma kila anapoinua kichwa. Hatimaye, asimulia Boyle, lilifutika lote, na kijana akapata kazi ya ulinzi kwenye studio ya filamu.

Tanuri lenyewe liliwashwa mwaka 1992, mwaka Los Angeles ilipokumbwa na ghasia, katika kiwanda cha mikate kilichokuwa kimetelekezwa, kwa fedha za mtayarishaji filamu Ray Stark. Kiwanda hicho kiliungua mwaka 1999, kikajengwa upya. Shabaha ya padre tangu mwanzo ilikuwa kuwaweka mahasimu meza moja. Anasimulia kuhusu vijana waliokubali kufanya kazi na adui, kwa sharti kwamba hawatamsemesha. Wiki zikipita, husema, huwa vigumu kumchukia mtu unayemfahamu.

Namwamini. Lakini imani hailipi mishahara, na mauzo ya mikate na chakula hayajawahi kutosha kubeba mzigo huu. Sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa wafadhili. Mwaka 2010 fedha zilikauka, wafanyakazi wapatao 300 wakasimamishwa kazi. Watu hao walikwenda wapi?

Mafunzo huchukua miezi 18, kisha mtu hutakiwa kujitafutia nje. Tangu mwaka 2018 sheria ya California inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi kuuliza hukumu za nyuma kabla hajamwahidi mwombaji kazi. Akishaahidi, anaruhusiwa kupekua. Boyle alimwajiri yule kijana akiwa ameshalisoma kila neno usoni pake. Mwajiri wa pili naye, akilikuta jalada la mahakama lisilofutika kwa leza, atafanya nini?