Mchoro wa Julai, Mtihani wa Machi

Karibu kila mchoro wa mandhari unaopelekwa mbele ya kamati ya mipango katika miji ya kaskazini mwa Marekani umechorwa Julai. Miti imejaa majani, watoto wanakimbia kwenye nyasi, na mama anasukuma kigari cha mtoto juu ya vitofali vilivyolala sawasawa. Hakuna aliyevaa koti. Mwendelezaji wa kiwanja anafurahi, kamati inafurahi, kibali kinatoka. Kisha Novemba inaingia.

Tuchukue Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Msomaji wetu anayeishi Brooklyn Park, kiunga chenye Wakenya wengi kaskazini-magharibi mwa mji huo, ataijua habari hii kwa miguu yake. Wastani wa joto wa Julai ni nyuzi 23 hivi. Wa Januari ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na theluji ya msimu mzima ikijumlishwa hufika sentimita 130 hivi. Takwimu hizo zinatisha, lakini si zenyewe zinazobomoa. Kwa zege na lami, baridi iliyotulia haiharibu sana. Kinachoharibu ni kuivuka sifuri kwenda na kurudi: mchana jua linayeyusha, usiku panaganda tena, na Machi mchezo huo huweza kurudiwa siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo msanifu wa mandhari wa huku ana swali moja lililo kubwa kuliko mengine yote: baridi itakapofika, itayakuta maji wapi?

Wala Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, kuanzia mita 4000 hivi, uso wa ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana katika sehemu kubwa ya mwaka. Alfajiri vijiti vyembamba vya barafu huchomoza kutoka kwenye udongo, vikiinua vijiwe na kung'oa miche iliyokuwa ikijaribu kushika mizizi. Huko mgando ni wa juu juu, wa usiku mmoja. Minnesota unashuka zaidi ya mita moja na kukaa miezi.

Kila aliyepita sekondari anajua kwamba maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi. Kwa zege, elimu hiyo inatupeleka mbali. Maji yaliyojipenyeza kwenye vitundu vya zege yakiganda hayana pa kwenda, hivyo husukuma, na uso wa zege humeguka vipande vipande. Dawa yake ilijulikana Marekani miaka ya 1930: zege lililochanganywa na viputo vidogo sana vya hewa hustahimili kuganda na kuyeyuka kuliko zege la kawaida, kwa sababu viputo hivyo huyapa maji nafasi ya kupanukia. Siku hizi zege la nje katika miji ya baridi huwa na hewa ya takriban asilimia 6 ya ujazo wake, na mkandarasi anayesahau kipengele hicho hukumbushwa na njia ya miguu inayobanduka ngozi.

Kwa udongo, hesabu ile ya asilimia 9 inagoma. Chukua mita moja ya ardhi ambayo asilimia 40 ya ujazo wake ni maji. Ikiganda yote, inapaswa kuinuka sentimita 3 na nusu hivi. Lakini barabara zimewahi kuinuka sentimita 10, hata 20. Ziada hiyo imetoka wapi?

Aliyelifumbua fumbo hili vizuri ni Stephen Taber, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha South Carolina, katika maandishi yake ya 1929 na 1930. Jaribio lake lilikuwa la kijanja. Aliujaza udongo benzeni badala ya maji. Benzeni ikiganda husinyaa. Kama kuinuka kwa ardhi kunatokana na kupanuka kwa kimiminika kinachoganda, udongo ule ulipaswa kushuka. Uliinuka. Maana yake ni kwamba nguvu haitoki katika kupanuka kwa maji yaliyokuwamo. Inatoka katika maji mapya yanayovutwa kutoka chini kuja kwenye mpaka wa mgando, yakaganda pale na kujenga tabaka za barafu tupu, moja juu ya nyingine. Hupanda kwenye vijinjia vya udongo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mradi baridi ipo juu na maji yapo chini, tabaka zinanenepa, na kilicho juu yake hubebwa, kiwe ngazi, taa ya bustani au ukuta.

Utambi mzuri una masharti yake. Mchanga una matundu makubwa mno, haunyonyi maji hadi juu. Mfinyanzi una matundu madogo mno, unanyonya lakini pole pole sana. Udongo mbaya kuliko wote ni ule wa kati, wa mashapo laini, ambao ukiushika mkavu unapukutika kama unga. Arthur Casagrande, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi katika chuo cha MIT, alitazama barabara za New Hampshire zikivimba majira ya baridi ya 1928 na 1929, akatoa kipimo kinachotumika mpaka leo: udongo wa mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 3 ya chembe ndogo kuliko milimita 0.02 ni wa kutiliwa shaka. Asilimia 3 ni kidogo mno. Rundo la kokoto linaloonekana safi kwa macho linaweza kuwa na vumbi la kutosha kuharibu kazi nzima.

Ardhi ingevimba yote kwa pamoja, kwa kipimo kimoja, asingejua mtu. Balaa ni pale kitu kimoja kinapoinuka na jirani yake kubaki. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, yaani zaidi ya mita moja hadi mita moja na nusu, chini ya kina cha mgando. Jengo basi halisogei. Lakini kibaraza cha zege kilichomwagwa mbele ya mlango, juu ya udongo ulioshindiliwa haraka haraka ili mradi umalizike, kinasogea. Kikiinuka sentimita 3 tu, mlango wa dharura, ambao kisheria hufunguka kwa nje, haufunguki. Nalitaja kosa hili kwa kirefu kwa sababu huzaliwa mpakani: msanifu wa jengo anadhani kibaraza ni cha msanifu wa mandhari, na wa mandhari anadhani ni cha jengo. Tiba yake ni kukipa kibaraza msingi wake wa kina kile kile na kukifunga na jengo.

Kwa vitu vingine vya nje, kushuka mita moja ni gharama isiyo na sababu. Hapo kuna njia mbili: uondoe udongo mbaya na kuweka kokoto safi zinazopitisha maji, au ukubali kwamba kitu kitaelea, ukichague kiwe cha kuelea. Kabro, au pevingi kama wasemavyo Dar es Salaam, ni hodari kwa kazi hiyo, kwani kila kitofali kinacheza kivyake na kikipinda kinang'olewa na kupangwa upya. Lakini kokoto zilizo chini yake zikizungukwa na mfinyanzi bila bomba lenye matundu la kutolea maji, umejenga ghala la maji pale pale yatakapogandia. Kokoto na bomba havionekani kwenye picha ya Julai, ndiyo maana bajeti ikibana huwa vya kwanza kukatwa. Ningekuwa mwendelezaji, ningeanza kwa kukata chemchemi.

Masika ya Minnesota yana hila yake. Ardhi huyeyuka kuanzia juu, huku chini barafu ikiwa bado imeziba. Maji yaliyokusanywa na tabaka zile wakati wa baridi yanaachiliwa kwa mkupuo na hayana pa kushukia, na udongo unageuka uji. Kila mwaka Minnesota hupunguza uzito wa malori yanayoruhusiwa kwenye barabara nyingi kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyo. Kwenye kiwanja cha ujenzi, lori moja la miti likiingia mapema mno linaushindilia udongo wa bustani kwa namna ambayo jembe halitairekebisha kwa urahisi.

Sasa tutazame juu. Mombasa jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 62 mwaka mzima. Jengo la mita 10 halitupi kivuli cha zaidi ya mita 5 na kitu saa sita mchana. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua liko nyuzi 21 na nusu tu juu ya upeo, na jengo lile lile linatupa kivuli cha mita 25. Kila kilicho ndani ya kivuli hicho, upande wa kaskazini, kinakaa na barafu wiki nyingi baada ya upande wa kusini kukauka. Huko ndiko wachoraji wengi huweka lango kuu la jengo la makazi, kwa kuwa ndiko maegesho yalikopata nafasi. Msanifu akiitwa mapema, anaweza kulihamisha lango. Akiitwa mwisho, anabaki kuongeza chumvi. Mji wa Holland, Michigan, ulichukua njia ya tatu: tangu 1988 mabomba ya maji ya uvuguvugu yamelazwa chini ya barabara na njia za katikati ya mji, yakipashwa na joto la ziada la kuzalisha umeme. Ni jambo zuri kwa mwenye mtambo wa umeme.

Theluji nayo inahitaji kiwanja chake. Eneo la maegesho la mita za mraba 2000 likipata sentimita 20 usiku mmoja, hizo ni mita za ujazo 400. Hata ikishindiliwa kwa kusukumwa, lazima ikae mahali. Mchoro usipoonyesha mahali hapo, atakayeamua ni dereva wa lori lenye jembe la theluji, saa kumi alfajiri, gizani, naye ataisukumia kwenye kisiwa chenye vichaka vyako vipya. Lundo liwekwe upande wa chini wa mteremko, lielekee kwenye bonde lililopandwa nyasi. Likiwekwa juu, maji yake yanatiririka mchana kuvuka njia ya miguu na kuganda jioni, wakati watu wanatoka kazini.

Upepo wa baridi Minnesota huvuma sana kutoka kaskazini-magharibi, na mstari wa misonobari upande huo ni kinga nzuri. Ila kinga hiyo haizuii upepo tu, huangusha theluji upande wa pili. Wahandisi huweka uzio wa theluji umbali wa takriban mara 35 ya kimo chake kutoka barabarani, ili lundo lidondoke kabla halijafika lami. Idara ya uchukuzi ya Minnesota huwalipa wakulima waache mistari kadhaa ya mahindi bila kuvunwa kando ya barabara kuu, mabua yafanye kazi hiyo mpaka masika.

Kuhusu chumvi niseme wazi: inatumika kupita kiasi. Ya kawaida huchoka kufanya kazi joto likishuka kwenye nyuzi 9 chini ya sifuri hivi, lakini watu huendelea kuimwaga. Kloraidi yake haiozi wala haitoweki. Wakala wa jimbo wa kudhibiti uchafuzi hueleza kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, karibu lita 19, moja kwa moja. Sodiamu nayo huuvunja udongo hadi usipitishe maji. Ndiyo maana nayathamini matokeo ya Chuo Kikuu cha New Hampshire, ambako mwaka 2004 walijenga maegesho ya lami yenye vitundu. Maji ya theluji yalizama badala ya kubaki juu na kuganda tena, na mahitaji ya chumvi yalipungua kwa takriban robo tatu. Wengi walihofu kwamba lami hiyo ingepasuliwa na mgando. Kina cha kokoto kavu chini yake kiliilinda.

Miti ichaguliwe kwa kufuata chumvi na jembe la theluji, rangi ya majani baadaye. Ginko na Gleditsia isiyo na miiba hustahimili ukingo wa barabara. Mepo wa sukari, mti mzuri kuliko yote ya vuli, hunyauka hapo. Mche wenye gome jembamba huungua upande wa kusini-magharibi: jua la alasiri ya Februari huamsha chembe za gome, usiku unaziua, na masika gome linapasuka kwa urefu. Kitambaa cheupe huvishwa shina Novemba na kuvuliwa Aprili. Misonobari inyweshwe sana kabla ardhi haijaganda, kwani majani yake yanaendelea kupoteza maji wakati mizizi haiwezi kuyavuta, na mti uliokufa Januari huweza kubaki wa kijani hadi Aprili.

Hilo la mwisho linagusa mkataba. Dhamana ya mwaka mmoja kwa miti iliyopandwa Septemba inakwisha Septemba, baada ya majira ya baridi moja tu, na mti huweza kuishi mwaka huo kwa akiba uliyokuja nayo kutoka kitaluni. Dai majira mawili ya baridi. Ukaguzi nao ufanywe mwishoni mwa Aprili, vibaraza vikipimwa kwa pima maji na magome yakitazamwa, kabla majani hayajafunika chochote.